Wapitaji Wana Mnara, Wenyeji Wana Bustani

Mjini Malindi, abiria akimwambia dereva wa tuktuk, "Nipeleke Kisumu Ndogo," dereva haulizi mara mbili. Anapinda kona, anayaacha maduka na hoteli za ufukweni, anaingia mitaa ya mabati, makuti na kuta za udongo. Hakuna anayeshangaa kwamba mtaa wa mji wa Bahari ya Hindi umebeba jina la bandari ya Ziwa Viktoria, iliyo zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Jina limezoeleka mpaka limekuwa kama jiwe la kizingitini: kila mtu hulikanyaga, hakuna anayeinama kulitazama.

Majina kama hilo hayatoki kwenye ofisi za ramani. Huwekwa na watu waliofika na mzigo begani, wakapata chumba cha kukodi, wakamwita ndugu, naye ndugu akamwita shemeji. Kibera ya Nairobi nayo ina kijiji chake kiitwacho Kisumu Ndogo. Huku pwani, watu wa bara walivutwa na bandari ya Mombasa, na mashamba ya mkonge ya Vipingo, na baadaye na hoteli za watalii za Malindi na Watamu. Hawakuacha jiwe wala sanamu. Waliacha maneno mawili, na mji ukayakubali.

Afrika Mashariki ina hati nyingi za namna hii zinazosomwa bila kusomwa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi ni kumbukumbu za Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa wakibeba mizigo ya jeshi; leo jina lao ni soko, na mnunuzi wa nyanya hana habari. Msomaji awaweke karibu hao wapagazi. Watarudi katika habari hii ya Malindi.

Katikati ya mji kuna bustani ya umma. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Uhuru Gardens. Tarehe 20 Oktoba 2010, Kenya ilipoadhimisha Siku ya Mashujaa kwa mara ya kwanza baada ya katiba mpya, ilizinduliwa humo sanamu ya Mekatilili wa Menza, na bustani ikapewa jina lake. Kabla ya hapo tarehe hiyo ilikuwa Siku ya Kenyatta. Mwaka ule taifa lilipokiri kwamba mashujaa ni wengi, Malindi ilimtanguliza mwanamke wa Kigiriama.

Hata hivyo, mgeni mwenye siku mbili tu za kukaa Malindi mara nyingi hapelekwi bustanini. Hupelekwa kwenye mnara.

Mnara wa Vasco da Gama umesimama kwenye ncha ya mwamba kusini mwa mji, mawimbi yakiupiga chini. Ni mweupe, una umbo la koni, na juu yake kuna msalaba wa jiwe wenye ngao ya Ureno. Koni imejengwa kwa matumbawe ya hapa hapa. Msalaba ni wa jiwe lililovuka bahari kutoka Ureno. Unahesabiwa miongoni mwa kumbukumbu kongwe zaidi za Wazungu zilizobaki wima barani Afrika, na watoto wengi wa shule za bara huujua kwa picha kabla hawajaiona bahari yenyewe.

Kisa chake ni kifupi kuliko sifa yake. Vasco da Gama, nahodha Mreno, alitia nanga mbele ya Malindi katikati ya Aprili 1498, akitoka Mombasa ambako mambo yalikuwa yameharibika. Malindi na Mombasa zilikuwa mahasimu, na aliyegombana na Mombasa hakukosa rafiki Malindi. Merikebu zake zilikaa mbele ya mji siku tisa, kukiwa na ngoma, michezo na zawadi za kondoo na viungo. Yeye mwenyewe hakushuka. Mfalme alipomwalika nyumbani, alijibu kwamba bwana wake hakumpa ruhusa ya kukanyaga nchi kavu, na mazungumzo yakafanyika majini, chombo kwa chombo.

Shajara ya mmoja wa watu wake imehifadhi jinsi mfalme wa Malindi alivyotokea siku hiyo: joho la hariri lenye pindo la kijani, kiti cha shaba chenye mito, mwavuli mwekundu juu ya kichwa, na wapigaji wa tarumbeta. Mbili kati ya tarumbeta hizo zilikuwa za pembe za ndovu, zimechongwa kwa ustadi, urefu wake kama kimo cha mtu, na zilipulizwa kwa tundu la ubavuni.

Msomaji wa Lamu au Pate hahitaji kuelezwa zaidi. Hizo ni siwa. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zimo katika Makumbusho ya Lamu mpaka leo, na watu huenda kuziona kama fahari ya visiwa hivyo. Siwa za Malindi zilisikika mbele ya Wareno mwaka 1498, zikaandikwa na mtu ambaye hakujua hata zinaitwaje, na zikabaki humo kwenye karatasi. Katika maelezo yote ya safari ile, hapa ndipo mji wenyewe unaposikika, na ni ajabu kwamba watu humaliza kupiga picha msalabani bila kupata fununu ya pembe hizo.

Da Gama aling'oa nanga tarehe 24 Aprili akiwa na rubani aliyepewa na mfalme, akafika Calicut tarehe 20 Mei. Vitabu vya zamani vilipenda kumtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari wa Uarabuni. Wanahistoria wengi wameiacha dhana hiyo. Maandishi ya Wareno wa wakati ule yanamtaja kuwa mtu wa Gujarat. Jina kubwa lilibandikwa baadaye juu ya kazi ya baharia wa kawaida aliyeijua njia yake, na hilo nalo ni tatizo la zamani la vibao vya historia.

Alirudi Januari 1499, mabaharia wake wamemalizwa na kiseyeye. Jambo la kwanza alilotaka Malindi lilikuwa machungwa kwa wagonjwa. Alikaa siku tano. Akaomba pembe ya ndovu ya kumpelekea mfalme wake, akaomba pia jiwe lisimamishwe nchi kavu liwe ishara ya urafiki. Mfalme akakubali yote mawili. Jiwe lilisimamishwa kwanza mjini, karibu na nyumba ya mfalme, na baadaye likahamishiwa kule mwambani linakoonekana sasa.

Tisa na tano ni kumi na nne. Kwa siku kumi na nne, Malindi imemtunzia da Gama kumbukumbu zaidi ya miaka mia tano. Si kosa la mnara, na hakuna sababu ya kuubomoa. Matumbawe yake ni ya Malindi na jasho la kuyachonga huenda likawa la Malindi pia. Lakini mnara wa mtu aliyetia nanga hapa kwa siku zisizozidi majuma mawili haufai kuwa muhtasari wa mji.

Wareno wameacha vingine. Kuna kanisa dogo la kuezekwa kwa makuti, mahali ambapo Francis Xavier, mmisionari ambaye Wakatoliki walimfanya mtakatifu, alipita mwaka 1542 akielekea Goa na kumzika msafiri mwenzake aliyefia chomboni. Na mwaka 1960, serikali ya Lisbon ilipoadhimisha miaka 500 tangu kufa kwa Mwanamfalme Henriki wa Ureno, ilijenga ukumbusho wa zege ufukweni Malindi kwa heshima yake. Henriki alikufa mwaka 1460. Hakuwahi kuja huku. Hata merikebu za nchi yake zilikuwa bado hazijaizunguka ncha ya kusini ya Afrika. Mji wa Waafrika, ukiwa umebakiza miaka mitatu kupata uhuru, ulipewa ukumbusho wa mtu asiyeujua kwa jina wala kwa ramani. Ukumbusho huo hupitwa kila siku na wavuvi, na safari hii wapita njia wana haki yao.

Neno Uhuru lenyewe lina ukumbusho mwingine Malindi, na huu uliruka. Kaskazini ya mji, huko Ngomeni, Waitaliano walijenga jukwaa la kurushia roketi baharini katika miaka ya 1960. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, kutoka jukwaa hilo la San Marco ilirushwa setelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Kwa heshima ya siku na ya wenyeji, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo iliyosaidia wataalamu kushuku kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Ilianguka na kuungua angani mwaka 1979. Katika vitabu vya elimu ya nyota, neno hilo la Kiswahili linatajwa mpaka kesho; katika bustani ya Malindi iliyokuwa na jina hilo hilo, ni wangapi waliowahi kuunganisha mambo hayo mawili?

Kati ya msalaba wa Wareno na sanamu ya Mekatilili kuna miaka ambayo haina kibao kikubwa, na humo ndimo habari yenyewe ilimo.

Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, watawala wa Malindi walihamia huko, wakapewa mji wa mahasimu wao. Malindi ikaanza kukauka. Katikati ya karne ya 19 wasafiri waliikuta magofu na vichaka. Kilichobaki wima ni vitu kama makaburi mawili ya mnara kando ya Msikiti wa Juma, ya karne ya 15, kazi ya mafundi wa matumbawe na chokaa walioacha makaburi ya namna hiyo kuanzia pwani ya Somalia hadi Tanzania. Makaburi hayo yamekuwa hapo kabla da Gama hajazaliwa au karibu na hapo. Hayako mbali na ufuo. Ukiacha wenyeji wa mtaa, wanaoyajua kama wanavyoyajua majirani, wengi hupita wakidhani ni sehemu ya ua wa msikiti.

Mji ulifufuliwa mwaka 1861, Sultani Majid wa Unguja alipotuma askari kuulinda. Nyuma ya askari wakaja wenye mashamba, Waarabu na Waswahili, na nyuma yao watumwa. Udongo wa Malindi ulitoa mtama na ufuta kwa wingi wa ajabu, ukipelekwa kwa majahazi hadi Arabuni. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu utumwa wa mashambani pwani ya Afrika Mashariki, aliiweka Malindi katikati ya uchunguzi wake kwa sababu hiyo: karafuu ilikuwa ya Unguja na Pemba, nafaka ilikuwa ya Malindi. Inasimuliwa kwamba karibu na msikiti ule ule wa makaburi ya mnara ndipo watu walipokuwa wakinadiwa, mpaka biashara ya utumwa ilipopigwa marufuku mwaka 1873.

Kupiga marufuku mnada hakukuwaachia huru waliokwisha kununuliwa. Utumwa wenyewe ulibaki halali katika ukanda wa pwani ya Kenya hadi 1907. Waliochoka kungoja walitoroka wakaingia bara, wakaanzisha vijiji vya watoro kama Fuladoyo, na wengine wakapata hifadhi kwa Wagiriama. Ukweli huu una pande mbili, maana wako Wagiriama walioshirikiana na wenye mashamba kuwarudisha watoro, na wako waliowaoza binti zao. Historia ya pwani ikisimuliwa kama hadithi ya wabaya watupu na wema watupu, msimulizi hajafika Malindi.

Wagiriama wenyewe mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wakisogea kaskazini, wakauvuka mto Sabaki, wakalima ardhi nzuri kuliko yote waliyowahi kuipata. Nafaka yao ikashindana na ya mashamba ya watumwa, na baada ya 1907 ikaizidi. Walikuwa watu huru wanaojilisha, wanaouza pembe na mahindi kwa hiari yao. Kwa macho ya Waingereza, hilo ndilo lililokuwa kosa lao. Wakoloni walitaka kodi ya nyumba, na walitaka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Mtu mwenye ghala lililojaa haendi kuwa kibarua wa mtu.

Mwaka 1912 alipelekwa huko ofisa Arthur Champion. Aliyemkabili zaidi hakuwa chifu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili maana yake ni mama Katilili, kwa jina la mwanawe, kama ilivyo desturi. Masimulizi ya familia na ya wazee yanasema kaka yake alichukuliwa utumwani akiwa kijana, na yeye akaona. Alikuwa mjane, na ujane ulimpa nafasi ya kusema mbele ya wanaume bila kuulizwa anasema kwa idhini ya nani. Aliwakusanya watu kwa kifudu, ngoma ya matanga, akizunguka kijiji kwa kijiji. Ngoma ilipokolea, hotuba ilianza. Pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola akawarudisha watu kaya, msitu mtakatifu wa asili yao, wakala viapo: mukushekushe kwa wanawake, fisi kwa wanaume. Aliyeapa hangelipa kodi wala kutoa mwanawe.

Kisa cha kuku kinajulikana na kila mtoto wa Kigiriama. Agosti 1913, Champion aliitisha baraza akitaka vijana. Mekatilili akaingia uwanjani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Mzungu achukue kifaranga mmoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili akamweleza kwamba hilo ndilo litakalompata atakayegusa watoto wa Giriama. Wengine huongeza kwamba Champion alimpiga risasi kuku. Wengine kwamba Champion mwenyewe alipigwa kofi. Katika simulizi za mdomo, kila mji huongeza chumvi yake, na kuku wa watu huyu anastahili chumvi.

Oktoba 1913 yeye na Wanje walikamatwa, wakapelekwa uhamishoni magharibi ya nchi, upande ule ule wa ziwa ambako jina Kisumu lilitoka. Masimulizi mengine yanataja Mumias, mengine Kisii. Wakoloni walipiga hesabu kwamba umbali ungemaliza kazi. Januari 1914 wakatoroka. Reli kutoka ziwani hadi Mombasa ilikuwepo tangu 1901, lakini reli haikuwekwa kwa ajili ya mtoro. Walirudi kwa miguu, mamia ya kilomita ya nyika, simba na vituo vya polisi, mwanamke aliyekuwa ameshapita ujana na mzee mwenzake, mpaka Giriama.

Hapo ndipo jina la mtaa wa kina yahe, Kisumu Ndogo, linapogusana na sanamu ya bustanini. Njia ya kutoka ziwani hadi Malindi, ambayo baadaye ilipitwa na mabasi yaliyojaa vijana wa kutafuta kazi za upishi, ujenzi na uvuvi, iliwahi kukanyagwa na Mgiriama aliyekuwa akirudi kwao. Watu wa Kisumu Ndogo na Mekatilili wana barabara moja. Hakuna kibao kinachosema hivyo popote, na huenda hakuna aliyewahi kufikiri kukiandika.

Waingereza hawakungoja. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Kaya Fungo, kaya ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti. Wagiriama wakapigana, bunduki zikajibu mishale. Watu wapatao 150 waliuawa na maelfu ya nyumba yakachomwa. Amri ya amani ilikuwa ngumu kuliko vita: faini ya rupia 100,000, watu wote waondoke kaskazini ya Sabaki, na wanaume 1,000 watolewe kwa ajili ya Carrier Corps.

Wale wapagazi. Mtoto wa Giriama ambaye kuku alimpigania mwaka 1913 alidaiwa mwaka uliofuata akabebe masanduku ya risasi, na jina la kikosi chake likaishia kuwa soko la Dar es Salaam.

Mekatilili alikamatwa tena mwezi huo wa Agosti. Aliachiliwa mwaka 1919, akarudi kuongoza baraza la wanawake kaya, na Wanje la wanaume. Amri ya kuhama Sabaki ilikuwa imeshalegezwa; watu walirudi kwenye mashamba yao kwa sababu njaa ya upande wa pili iliwatisha hata waliotoa amri. Alifariki katika miaka ya 1920 na kuzikwa Bungale, Magarini.

Lakini kalamu ilikuwa imetangulia kufanya kazi ambayo baruti haikuiweza. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani kudai mashamba yao mbele ya msajili. Waarabu, Waswahili na Wahindi wengi walijua njia ya ofisi hiyo. Wamijikenda kwa jumla, Wagiriama wakiwemo, hawakuhesabiwa kuwa na haki ya kudai, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Kutoka hapo likazaliwa neno ambalo kila mkazi wa Kilifi analijua bila kamusi: skwota. Mtu amezaliwa hapo, babu yake kazikwa hapo chini ya mnazi alioupanda, na siku moja anatokea mwenye hati ambaye hajaonekana miaka thelathini. Mitaa ya nyuma ya Malindi, Kisumu Ndogo ikiwemo, imekua juu ya swali hilo, Mgiriama na Mjaluo wakipanga ukuta kwa ukuta, mmoja akiwa mgeni kwa sababu ametoka mbali na mwingine kwa sababu ya karatasi.

Wagiriama wana namna yao ya kale ya kuweka kumbukumbu, na si jiwe. Mzee wa chama cha Gohu akifa, huchongewa kigango, gogo la mti mgumu lenye umbo la mtu na nakshi za pembetatu, likasimikwa liozee hapo hapo. Halihamishwi hata ukoo ukihama. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa vikauzwa kwa watalii na maduka ya sanaa, vikaishia katika makumbusho na majumba ya matajiri wa Marekani. Viwili vilirudishwa kwa ukoo wenyewe mwaka 2007, na Makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha thelathini. Kwa hiyo kuna kumbukumbu za Malindi na Kilifi ambazo zilitazamwa vizuri kabisa, zikapigwa taa na kuandikiwa maelezo, ila kilomita elfu kadhaa kutoka kwa wenyewe.

Ukiyaweka haya pamoja, sanamu ya bustanini inaonekana upya. Vigango ni vya wanaume wenye hadhi. Sanamu za viwanjani ni desturi iliyoletwa na wakoloni kwa ajili ya magavana na wafalme. Malindi ilichukua umbo la mkoloni, ikaweka ndani yake mwanamke mjane ambaye kwa desturi ya kwao asingechongewa gogo. Ni jambo la ujasiri kuliko linavyoonekana kwa anayekaa pale kivulini akinywa dafu.

Kila Agosti, wazee wa kaya na Chama cha Utamaduni cha Malindi, kijulikanacho kwa kifupi kama MADCA, huadhimisha siku za Mekatilili. Kina mama huvaa hando, sketi yao ya asili, kifudu hupigwa, na msafara hupita mjini hadi kwenye sanamu. Tarehe 9 Agosti 2020 picha yake iliwekwa hata kwenye ukurasa wa kwanza wa Google. Siku zile vijana wengi walimtafuta kwenye simu wakiwa wamesimama mwendo wa dakika chache kutoka kwa sanamu yake.

Kinachokosekana ni kidogo. Sanamu peke yake haiwezi kusimulia kuku, wala kifudu, wala Kaya Fungo, wala faini ya rupia. Serikali ya Kaunti ya Kilifi na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo tayari yanautunza mnara, kanisa la Wareno na Nyumba ya Nguzo iliyo makumbusho ya mji tangu 2004, hayashindwi kuweka bustanini vibao vinne vitano vya kusomeka: kimoja cha siwa za mwaka 1498, kimoja cha waliolima mtama bila ujira, kimoja cha safari ya miguu ya 1914, kimoja cha setelaiti iliyoitwa Uhuru. Viandikwe kwa Kiswahili kwanza, na Kigiriama kando yake. Na kimoja kiwekwe Kisumu Ndogo penyewe, kwenye maegesho ya tuktuk, kwa Kiswahili na Kijaluo, kikieleza jina hilo limefikaje baharini.

Aliyeko Malindi asingoje kibao. Msafara wa Agosti ukipita mbele ya duka lake, afunge droo ya pesa dakika tano, atoke, amfuate bibi mmoja aliyevaa hando, amsalimu vizuri, kisha amuulize yule kuku alikuwa na vifaranga wangapi.